Tupeane uzoefu: kuwashirikisha vijana Neno pamoja na wageni wa ng'ambo, au wewe mwenyewe ukiwa ng'ambo

Mlezi wa Vijana, Dodoma mjini
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwezi ujao kanisa letu linapokea vijana kumi na wawili kutoka Australia. Watakaa nasi wiki tatu, mjini hapa kisha Mvumi, na mimi nimepewa kazi ya kuwaandaa vijana wetu. Wageni tumewazoea Kanda ya Kati. Wamisionari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) kutoka Uingereza walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanza mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka hukohuko Australia. Lakini kuzoea wageni ni jambo moja na kujua kijana anabaki na nini wakishaondoka ni jingine. Naomba mliyoyaona kwa macho yenu.

Naanza mimi. Miaka ya nyuma nilikuwa mkalimani wa timu iliyotembelea sekondari moja. Mgeni alihubiri vizuri, akamalizia kwa kusema anayetaka kumpokea Yesu anyooshe mkono. Ikapanda karibu yote. Wageni walitokwa na machozi, picha zikapigwa. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu na daftari la majina. Binti wa kidato cha pili akaniambia, "Mwalimu, tulinyoosha kwa sababu mgeni ametoka mbali, tungemwaibisha." Waliokuja kwenye ushirika wa Ijumaa walikuwa wanne. Namshukuru Mungu kwa hao wanne, mmoja leo ni mwinjilisti. Ila ile mikono inanisumbua hadi sasa, maana mimi ni wa hapahapa, heshima yetu kwa mgeni naijua, na nilitafsiri nikanyamaza.

Karibuni.

Mwinjilisti, Mvumi
Mbukwenyi! Mlezi, umenigusa. Kwetu alikuja kijana ambaye kwao wanafuga kondoo maelfu. Akafundisha Yohana 10, mchungaji mwema, akaeleza kwamba wao huswaga kundi kutoka nyuma, kwa pikipiki na mbwa. Vijana wakatazamana. Mmoja, aliyeacha shule ili achunge mbuzi wa babu yake, akasema, "Sisi tunatangulia. Ukikaa nyuma, wa mbele wanaingia shambani kwa watu."

Yule mgeni alifunga Biblia yake, akakaa chini kwenye vumbi, akasema, "Hebu nieleze."

Kijana akaeleza. Jioni anasimama kwenye mlango wa zizi anawapitisha mmoja mmoja. Hahesabu. Yule mwenye sikio lililochanika kapita, yule mweusi anayependa kuingia wa mwisho kapita. Akikosekana mmoja anajua, hata kama hajatambua bado ni yupi. Kisha akasimulia usiku alioshika tochi akarudi porini huku fisi wanalia, akamkuta mbuzi amenasa kwenye miiba, akambeba begani hadi nyumbani. Sauti ilinikatika nikitafsiri. Sura ile nimeihubiri mara nyingi, lakini siku ile ndiyo niliyoisikia. Mgeni hakuongeza mahubiri, alisoma tu tena ile mistari polepole. Kijana alianza kuja ibadani. Hadi leo akija anaegemeza fimbo yake ukutani nje, ndipo anaingia.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)
Langu ni fupi. Mgeni mmoja alimwahidi rafiki yangu kumlipia ada, kwa moyo mzuri kabisa, mbele ya ushirika wote. Alirudi kwao na ahadi ikaishia hapo. Rafiki yangu hakukasirika na mgeni, alikasirika na Mungu. Tulitembea naye mwaka mzima. Mlezi, waambie wageni wako wasiahidi fedha kwa kijana mmoja mmoja. Mwenye kuguswa apitie kwa wazee wa kanisa.

Dada wa Mpwapwa
Mimi ndiye niliyevuka. Mpwapwa na Rochester ya Uingereza ni dayosisi rafiki, nami nilipata neema ya kukaa wiki chache na vijana wa kule. Niliandaa ushuhuda wangu vizuri, nikasimama, nikasema "Bwana asifiwe!" Kimya. Hakuna aliyenidharau, walinitazama tu kwa upole. Nilirudi kitini nikidhani nimeshindwa.

Baada ya chakula nikaenda kusaidia kuosha vyombo. Binti mmoja akikausha sahani akaniuliza kama ni kweli tunaomba mvua. Nikamweleza kwamba kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari uwele unakauka. Nikamweleza mwaka ambao mama alikuwa anapima unga kwa kikombe cha chai, nasi tukaomba kila jioni.

"Ikanyesha?"

"Haikunyesha."

"Na bado unaomba?"

Nikasema ndiyo, na machozi yakanitoka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia kuhusu jirani aliyetuletea debe la mtama bila kuombwa. Hakujibu neno, aliendelea kukausha. Jumapili alikuja kuketi karibu nami, na mpaka leo tunaandikiana. Kila masika ananiuliza kama mvua imenyesha Mpwapwa.

Mwana Kondoa
Huku ndugu zetu Waislamu ni wengi na tunaishi vizuri, tunazikana na kualikana sikukuu. Timu fulani ikaja ikaanza kugawa pipi na fulana kwa watoto kabla ya mafundisho, bila kumwambia mzazi yeyote. Kurudisha imani ya majirani kulituchukua muda mrefu mno. Wageni wapite kwanza kwa mwenyekiti, na mtoto aje kwa ruhusa ya nyumbani kwao. Kama kuna atakayebaki miezi mingi, kibali cha ukaazi ni daraja C. Anzeni mapema.

Mama wa Makole
Mwanangu Mlezi, msiwapikie wageni chakula cha peke yao. Sisi tulifanya hivyo siku mbili na vijana wetu wakabaki nje. Siku ya tatu binti mgeni aliingia jikoni mwenyewe, akataka kusonga ugali wa uwele. Mwiko ulimshinda. Mlenda nao ukamvutika hadi kwenye kiwiko, binti zetu wakamwonyesha namna ya kuukata kwa tonge. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Akasema baba yake haamini. Binti yangu akamwambia, "Wangu pia," jambo ambalo hajawahi kulisema hata mbele yangu. Waliomba palepale mikono ikiwa na unga.

Mlezi wa Vijana, Dodoma mjini
Shikamoo mama, asante sana. Asanteni wote. Nimeongea na mchungaji: hakuna kunyoosha mikono, na siku mbili za kwanza wageni hawahubiri. Mwinjilisti, yule kijana bado yupo? Naomba niwalete kwake jioni, saa ya kuingiza mbuzi.

Mwinjilisti, Mvumi
Yupo. Waje saa kumi na moja na nusu, na wavae viatu vya kufunika, miiba ni mingi.