Naombeni ushauri: posti zangu Instagram hazionekani, nikope nilipie matangazo?

Mama Zuu: Habari za jioni wakuu. Nauza madera. Mzigo nachukua Mtaa wa Congo Kariakoo, wateja nawapata Instagram, nina wafuasi 31,000. Mwaka jana nikiposti asubuhi, hadi adhuhuri boda keshapeleka matatu. Sasa posti inapata laiki 11. Kumi na moja, ndugu zangu! Kodi ya fremu inaisha mwezi huu. Nataka kukopa milioni moja na nusu nilipie matangazo. Mliowahi, inalipa?

Kaka wa Mbagala: Dada, Instagram waliacha kupanga posti kwa kufuata muda zilipowekwa tangu 2016. Mtu anaonyeshwa kile mtambo unachodhani atakigusa. Zilipokuja Reels 2020 ndiyo kabisa, dera lililotundikwa kwenye henga linagombea nafasi na video za wachekeshaji. Livae, tembea nalo, jirekodi.

Mzee wa Ilala: Mimi niliuza viatu Karume bila hiyo mitandao. Soko lilipoungua Januari 2022 nilianza upya na turubai chini. Wateja walinitafuta kwa miguu, wanauliza, "Mzee wa raba yuko wapi?" Vijana mjuane na wateja wenu.

Fatma Magomeni: Mkopo wa wapi, mdogo wangu? Kikoba au kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza?

Mama Zuu: Wa kawaida tu, da Fatma. Riba ipo ila si kubwa.

Fundi Picha: Wafuasi 31,000, laiki 11? Umewapataje hao?

Mama Zuu: Kwa jasho langu.

Fundi Picha: Wote?

Mama Zuu: Haya. 25,000 nilinunua. Mteja akiona ukurasa una watu wachache hatumi hela, anahofia kutapeliwa. Sikumwibia mtu.

Fundi Picha: Ndipo ulipojikwaa. Mtambo unaangalia watu wako wanaigusa posti kiasi gani. Hao wa kununua hawagusi chochote, na wateja wako 6,000 wa kweli wamezama humo humo. Ukilipia, jaribu elfu kumi kwanza, na uchague mwenyewe ionekane kwa wanawake wa Dar.

Jicho Kali: Hii chai, stori ya kutunga. Utaona, mwisho atakuja "mtaalamu wa kukuza kurasa" na namba yake ya simu.

Kaka wa Mbagala: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mara wafuasi, mara mkopo.

Mama Zuu: Sina namba ya mtu. Dhamana ni bajaji ya mume wangu. Kadi nimewapelekea jana, yeye hajui. Nani anatunga jambo kama hilo?

Fatma Magomeni: Ya Rabi! Hela umeshapokea?

Mama Zuu: Nasaini kesho saa nne. Lakini nitairudisha kabla hajaulizia kadi, hesabu nimeshapiga.

Fatma Magomeni: Mimi kausha damu ilinimalizia cherehani mbili, nasema kwa uchungu. Usisaini, kachukue kadi. Wote walionunua kwako namba zao unazo. Waandikie WhatsApp mmoja mmoja, waombe wasevu yako, maana ukituma kwa mkupuo asiyekusevu haimfikii.

Jicho Kali: Kama ni kweli, samahani dada.

Mama Zuu: Nimezihesabu, wako 140. Naanza kuwaandikia usiku huu huu. Ila kesho saa nne nitakwenda, nitaamua nikifika mlangoni.

Fatma Magomeni: Niandikie inboksi uko wapi. Twende wote.