Ndege wa pwani Dar: Salenda, Kunduchi au Kigamboni?

Kamera_Mbezi: Wakuu, habari zenu. Ndege wahamao kutoka kaskazini wameshaanza kuingia, na Jumamosi nataka kuwapiga picha. Nina lenzi ya milimita 400, gari sina. Nimebaki na sehemu tatu: mdomo wa mto Msimbazi pale daraja la Salenda, Kunduchi, au Kigamboni. Mngekwenda wapi?

BintiUnunio: Salenda kunafikika kwa daladala na ndege ni wengi kweli: yangeyange, sululu, vitwitwi wa kila aina. Ila maji yakipwa wanayafuata hukohuko mbali, na lile tope halikanyagiki. Kwa 400 utapata vidoa tu. Mto nao umebeba taka za mji mzima, inauma kuona ndege aliyetoka Siberia anadonoa kati ya mifuko. Halafu kamera usiielekeze darajani wala kwenye majengo ya balozi, utaulizwa maswali.

Mimi ningekwenda Kunduchi. Bahari ikijaa, ndege wanahamia kwenye mashamba ya chumvi kupumzika, na hapo wanakuwa karibu. Wasalimie wanaofanya kazi pale na uombe ruhusa kabla ya kutoa kamera.

MtuWaBamvua: Mkuu, kabla ya mahali panga saa. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatokea baharini, ukipiga kuelekea majini ndege anatoka mweusi tii, manyoya huyaoni. Mchana ule ardhi ina joto, hewa inachezacheza, picha ya mbali haikazi hata kwa lenzi ya mamilioni.

Sasa ongeza maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa Dar maji hupwa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Maana yake kuanzia saa 8 mchana jua linakwenda mgongoni kwako, na maji yanawasukuma ndege kuja ulipo. Wewe lala chini, tulia, watakuja wenyewe. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo yanageuka: jioni yenye mwanga mzuri ndiyo bahari inatoka. Mimi siku hizo hubaki nyumbani.

Mjimwema_Kwetu: Kigamboni msiitupe jamani. Kule Ras Dege kuna mikoko na utulivu, na nimewaona wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wanaokula kaa. Hao hutaga ndani ya mashimo ya mchanga huko Uarabuni, kisha wanakuja kushinda kwetu. Lakini bila gari, na vivuko, na bodaboda ya kurudi usiku, ni kazi.

Na ombi kwenu nyote: msiwakimbize ili mpate picha wakiruka. Machi na Aprili wanarudi kaskazini, na mafuta ya safari wanayapata kwa kula hapa. Ukiona wote wameinua vichwa, rudi nyuma.

Kamera_Mbezi: Asanteni sana. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo Jumamosi bado bamvua. Naenda Kunduchi. Stendi ya kamera nibebe?

BintiUnunio: Iache, inakuinua mno. Beba kimfuko cha mchanga uegemeze lenzi chini, usawa wa macho ya ndege. Spidi ya shata anza na 1/2000 ya sekunde. Ufike saa 7 na nusu, upate muda wa kusalimiana na watu.

MtuWaBamvua: Na uangalie nyuma yako, bamvua ikijaa inazunguka kupitia mikokoni.