Mjadala: Je, marais wastaafu wapunguziwe sauti ndani ya CCM?

Wapo wanaodai kwamba mwenyekiti wa CCM hawezi kufanya kazi kwa uhuru wakati watangulizi wake bado wanasikilizwa, na kwamba mstaafu apumzike kabisa. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona hofu yake imeelekezwa kusiko.

Wanaoitetea humtaja Mwalimu Nyerere, aliyeachia urais mwaka 1985 akabaki na uenyekiti hadi 1990, huku Rais Mwinyi akiongoza serikali. Kwangu mimi, yaliyofuata ndiyo mazito zaidi. Mwaka 1993 Bunge, ambalo lilikuwa limechaguliwa chini ya mfumo wa chama kimoja, lilikubali hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika. Mwalimu, asiye na cheo chochote, aliipinga waziwazi mpaka ikaachwa. Miaka miwili baadaye Kikwete aliongoza duru ya kwanza ya kura za kumpata mgombea urais, lakini duru ya pili ikaenda kwa Mkapa, ambaye Mwalimu alikuwa akimuunga mkono.

Nguvu ile ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, wala sioni mstaafu aliyeirithi. Tangu wakati huo kila rais mpya amekabidhiwa uenyekiti kabla mwaka haujaisha, na anayekabidhi huondoka bila uteuzi, bila ajenda na bila kikao cha kuongoza. Marekebisho ya katiba ya chama ya mwaka 2012 yaliwatoa wastaafu katika vikao vya maamuzi na kuwapeleka kwenye baraza la ushauri, jambo ambalo naliunga mkono. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu uliofanyika Dodoma ulimpitisha Rais Samia kuwa mgombea, miezi kadhaa kabla ya wakati uliozoeleka wa kuchukua fomu, na mwenyekiti wa chama ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo anayetafuta ushawishi usio na mpinzani amtazame aliyepo madarakani kwanza.

Kasoro ninayoiona kwa wastaafu ni ya faragha: ushauri wao hupita kwa minong’ono, na mjumbe wa kawaida huambiwa tu kwamba “wazee wamesema”. Napendekeza uandikwe na usomwe mbele ya Halmashauri Kuu kabla ya kura.

Wanaotaka wanyamaze kabisa nawaomba wanijibu: siku mwenyekiti ambaye pia ni rais anapokosea, ni nani mwingine ndani ya chama atakayemwambia bila kuhofia cheo chake?