Je, tuwapokee wageni zaidi au tufunge mlango? Naandika kutoka Tengeru

Mama_Tengeru:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Julai 2025, ilipotoka ile amri ya kuwakataza wasio raia biashara 15. Nitauliza swali langu, ila kwanza mnisikilize.

Nina ekari moja na nusu ya parachichi za Hass, huku juu ya Tengeru, Arusha. Misimu minne mfululizo mnunuzi wangu alikuwa dada mmoja Mkenya. Anakuja mwenyewe, anaingia shambani, anapima kwenye mizani mbele yangu, na hela inaingia kwenye simu kabla gari halijawashwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kikonyo kwa mkasi na kukiacha kidogo kwenye tunda. Mimi nilikuwa navuta tu, na tunda likishang'oka kikonyo linaanzia kuoza palepale. Sasa kununua mazao shambani kumo kwenye zile 15. Msimu huu wamekuja madalali wa hapahapa, mizani hawataki, wanataka gunia la lumbesa, lile la kujaza kupita kipimo. Nilipokaa kupiga hesabu nikakuta kilo imeshuka kutoka 1,700 hadi kama 1,100.

Halafu kuna fundi simu, kijana wa Burundi, aliyepanga chumba changu cha mbele. Mwanangu alifeli kidato cha nne, akawa anashinda kitandani. Yule kijana akamwita mezani kwake. Mwaka mzima nikipita nawaona wameinama vichwa vimegusana, mmoja ameshika taa, mwingine anachomea lehemu kwenye kitu chembamba kama unywele. Hakunidai hata shilingi. Leo mwanangu ana meza yake sokoni. Kutengeneza simu nako kumekatazwa: mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua milioni 10 au jela hadi miezi sita, na raia anayemsaidia milioni 5 au miezi mitatu. Fundi aliondoka Jumatano, siku ya soko. Bisibisi zake alizifunga kwenye kitambaa akamwachia mwanangu.

Wengi humu watasema mgeni ni mgeni. Bibi yangu aliwauzia mayai Wapolandi. Walioko mbali huenda hamjui: mwaka 1942 waliletwa hapa Tengeru, karibu na ziwa Duluti, watu wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Warusi walikuwa wamewahamisha kwa nguvu hadi Siberia, wakatokea Uajemi, ndipo wakafika kwetu. Makaburi yao yapo mpaka leo, karibu 150. Bibi alikuwa akisema mama mmoja wa kule alimfundisha kufuma sweta, na wakiagana jioni wanaagana kwa Kimeru.

Swali langu: tuwafungulie zaidi watu wa namna hii, au amri ibaki ilivyo? Mimi nasema tufungue.

Mwongoza_Watalii_Ngarenaro:

Dada, pole kwa parachichi, ila mimi amri naiunga mkono kwa mikono miwili. Naongoza watalii mwaka wa kumi na moja. Nimesomea, leseni nalipia. Msimu wa Julai hadi Septemba ndio wa kulisha nyumba, na ndio huohuo unamkuta mtu ameingia na wageni wake kutoka kwao, yeye ndiye mwongozaji, yeye ndiye mpishi, sisi anatuulizia njia tu. Pale geti la Ngorongoro nimewahi kumsikia mmoja akiwaambia wageni kwamba Wamasai wameishi kreta tangu enzi za mawe. Nani atalisahihisha hilo kama sisi tumekaa nyumbani? Mimi sina nchi nyingine ya kwenda kuongoza watalii.

Mzee_wa_Poli:

Binti yangu, umewataja Wapolandi ukawaruka walowezi. Mwaka 1951 Waingereza waliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki ili wazungu wapate pa kufugia. Nyumba zilichomwa moto. Mmeru mwenzetu Kirilo Japhet alipelekwa hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulisema jambo hilo. Mimi nilikuwa mtoto, nimebebwa mgongoni, lakini hadithi hiyo nimelelewa nayo. Mmeru akisikia neno "mgeni" anashika kwanza mpaka wa shamba lake. Usitulaumu.

Mama_Tengeru:

Shikamoo mzee wangu. Siwezi kukulaumu, baba yangu naye alikuwa hivyohivyo. Lakini walowezi walikuja na askari na karatasi ya kututoa. Fundi wangu alikuja na begi moja akauliza kodi ni shilingi ngapi. Hata leo sheria ya ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwenye mtaji mkubwa anayo njia ya kupewa ekari mia. Mwenye bisibisi ndiye tuliyemfungia. Hapo ndipo ninapoumia.

Kaka wa Ngarenaro, kwenye kuongoza watalii haki yako nakupa yote, hiyo kazi ibaki yetu. Ila nina mdogo wangu wa tumbo moja anauza mitumba Gikomba, Nairobi, mwaka wa saba. Wakenya wakiamka kesho wakaandika orodha yao, nimwambie nini?

Mwalimu_Mstaafu_Moshi:

Nimefundisha miaka sita Mishamo, mkoa ambao sasa ni Katavi. Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa mashamba porini. Mimi nilifika nikakuta mahindi yamejaa ghalani, na watoto wanaimba Mungu Ibariki Afrika asubuhi wakiwa wamenyooka kuliko watoto wangu wa Kibosho. Karatasi hawana. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye akili kali ya hesabu, kila fomu ikifika kwenye kipengele cha uraia anaweka kalamu chini ananiangalia. Mwaka 2014 nchi iliwapa uraia watu kama 162,000 kwa mara moja. Sikuona kilichoharibika. Waliokuwa wakilima waliendelea kulima, ila sasa walikuwa na kitambulisho.

Warundi waliokuja baada ya 1993 hawakuwamo kwenye mpango huo. Kwa hiyo, dada, kabla ya kuhesabu wageni wangapi waingie, mimi ningeanza na waliozaliwa humuhumu. Huyo fundi wako, ulimuuliza alizaliwa wapi?

Mama_Tengeru:

Mwalimu, umenigusa. Alizaliwa Kigoma, kambini, mwaka 1996. Alisoma humu, Kiswahili chake ni hiki chetu. Mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa akarudishwa yeye na mama yake, ndipo baadaye akaja huku na pasi ya Burundi kama mgeni mwingine yeyote.

Juzi kapiga simu. Yuko Bujumbura, amepata kimeza karibu na stendi. Kamwelekeza mwanangu jinsi ya kufungua kioo kilichogoma, dakika arobaini kwenye simu, kwa salio lake. Nikamuuliza biashara inakwendaje. Akasema wateja wapo, ila jina lake hakuna anayelitumia. Wanamwita Mtanzania.