Letrozoli inanimaliza viungo, kuna aliyebadilishiwa dawa ya homoni?

MamaFundi_Moshi
Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi, nina miaka 56, mwaka juzi nilitolewa ziwa la kushoto, nikapiga kemo na mionzi nikamaliza, namshukuru Mungu. Majibu ya kipande cha nyama kilichopimwa yalionyesha kansa yangu inakula homoni ya estrojeni, ndo nikaanzishwa letrozoli 2.5 mg kidonge kimoja kila siku, nikaambiwa ni miaka 5. Sasa huu ni mwezi wa 9 tangu nianze kuimeza na viungo vinaniua. Asubuhi vidole vimekaza siwezi hata kufunga kifungo, magoti ndo usiseme, na mi kazi yangu ni cherehani, kushika mkasi mpaka saa nne ivi ndo vidole vinalegea. Jumamosi nilishindwa kumenya ndizi za mtori nikamwita mjukuu amenye, nikaingia chumbani nikalia.

Niseme ukweli wote, wiki ya pili hii sijameza. Sijamwambia mtu nyumbani wala daktari. Maumivu yameanza kupungua na hapo ndo naogopa zaidi. Kliniki ni mwezi ujao. Kuna aliyebadilishiwa? Alipewa nini na ikawaje?

Kijenge_Juu
Pole sana dada yangu, hapo kwenye kifungo nimejiona mimi kabisa. Nipo Arusha, nilianza na anastrozoli, nilipofika mwezi wa 5 wa kuimeza nikawa napanda daladala kwa kushikwa mkono na konda. Nikanyamaza kama wewe, maana nilikuwa naona kulalamika ni kukosa shukrani wakati wengine niliolazwa nao hawapo tena. Nilipomwambia daktari hakunigombeza hata kidogo, akasema tupumzike wiki 3 tuone kama kweli ni dawa, akaandika kwenye faili, afu akanianzishia eksemestani 25 mg. Hizo mbili na letrozoli yako ni ukoo mmoja lakini mwili unaweza kukataa moja ukapokea nyingine. Maumivu hayajaisha yote ila ngumi nakunja na bustani napalilia. Na kutembea dada, kila asubuhi, siku za mwanzo magoti yanagoma kabisa lakini baada ya muda utaona tofauti. Ila usisubiri mwezi ujao, kupumzika dawa daktari akijua na kuacha kimya kimya ni vitu viwili tofauti.

Binti_wa_Machame
Naongezea kwa wenzangu wadogo wanaosoma hapa. Mi nina 39 na siku zangu bado naziona, nameza tamoksifeni 20 mg, joto linanipanda usiku mpaka nabadili shuka na hapo ni mwezi wa 7 watu wote wamevaa masweta. Nikaomba nipewe hizo za mama zangu hapo juu, nikaambiwa zenyewe peke yake haziwezi kunisaidia kwa sababu ovari zangu bado zinatengeneza estrojeni, mpaka zizimwe kwa sindano au zitolewe. Kwa hiyo jamani msiazimane dawa, hata kama mnaumwa ugonjwa mmoja.

Mfamasia_Sakina
Shikamoo mama, pole sana. Nipo famasi, hili naliona sana. Hedhi ikishakoma estrojeni inaendelea kutengenezwa kidogo kwenye mafuta ya mwili, letrozoli inazuia huko kutengenezwa. Tamoksifeni haizuii, yenyewe inakaa kwenye kiti cha estrojeni pale kwenye seli ili estrojeni ikija ikose pa kukaa. Kwa hiyo ukoo wa letrozoli ukishindikana daktari anaweza kukuhamishia huko, viungo huwa havisumbui sana na kwa umri wako hata mifupa inasaidika. Lakini nayo ina yake: damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, na kansa ya mji wa mimba ingawa si kwa wengi. Kama uliwahi kuvimba mguu ukaambiwa damu imeganda mwambie daktari kabla hajaandika, na ukishaanza ukiona tone la damu ukeni nenda siku hiyo hiyo. Kuna dawa za sonona pia, fluoksetini na paroksetini, zinaipunguza tamoksifeni nguvu, kwa hiyo taja kila unachomeza. Na tafadhali mama, usizoee kununua diklofenaki kila siku, tumbo na figo zitaumia. Omba upimwe mifupa na vitamini D, letrozoli inapunguza uimara wa mifupa.

MamaFundi_Moshi
Marahaba mwanangu. Asanteni sana wote. Jana usiku nimemwambia binti yangu, kalia, afu akasema Jumatatu tunapanda wote hospitali ya KCMC. Tarehe niliyoacha nimeiandika kwenye karatasi nisije nikaificha nikifika pale. Kijenge, ulipoanza hiyo mpya ulijuaje kama imekukubali?

Kijenge_Juu
Sikujua mapema dada. Wiki ya kwanza nilikuwa mzima kabisa, ya tatu vidole vikauma kidogo nikataka kukata tamaa, karibu mwezi wa pili ndo ikatulia. Nilikuwa naandika kwenye daftari kila asubuhi, saa niliyoamka na saa niliyoweza kukunja ngumi. Jumatatu nitakuombea, ukitoka tuambie wamesemaje.