Je, gharama ya kuchunguza anga za juu ina faida kwetu? Swali la mwanafunzi wangu

Mwalimu_Kilifi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari kaunti ya Kilifi, na swali ninalolileta hapa si langu bali ni la mwanafunzi wa kidato cha pili. Wiki iliyopita nilikuwa nikieleza kwa nini ni nafuu kurusha roketi karibu na ikweta: kwamba huko ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na chombo kinachorushwa kuelekea mashariki huanza safari kikiwa na kasi hiyo bila ya kuichomea mafuta. Nikatoa mfano wa kwetu, yaani majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini upande wa Ngomeni, ambayo wavuvi wa huku huyapita na vyombo vyao. Nikawaambia kuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ambayo kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru, na kwamba ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kupima miale ya eksirei itokayo angani.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, ilikula pesa ngapi?" Kabla sijajibu akaongeza, "Maana sisi mizani ni moja."

Alisema kweli. Mizani ya springi tuliyo nayo maabara ni moja, ndoano yake ilikatika tukaifunga kwa mshipi wa kuvulia, na wanafunzi zaidi ya arobaini huipokezana mpaka kengele inalia. Nilimjibu kwamba elimu haina bei, nikatoka darasani nikijua kuwa sikumjibu. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: mtu anayekosa mizani aambiwe nini kuhusu mabilioni yanayopelekwa Mwezini na Mirihi? Sitaki maneno ya kumtuliza, nataka jibu ambalo nitaweza kusimama nalo mbele yake.

Mwana_wa_Nahodha alijibu:

Mwalimu, salaam kutoka Unguja. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo kati ya Unguja, Pemba na Tanga. Alisoma mbingu kwa macho: wingu la jioni limekaa upande gani, maji yamebadilika rangi vipi, ndege wa baharini mbona wanarudi pwani mapema. Ilikuwa elimu kubwa, lakini haikuweza kuona ng'ambo ya upeo wa macho. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, na kwa kuwa Pemba ilisalimika, biashara ya karafuu ikahamia huko kwa sehemu kubwa na haikurudi. Mabaharia wa wakati ule hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walichokosa ni mahali pa juu pa kusimama na kutazama.

Mwezi Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikikifuatilia kabla hakijaikaribia Mafia, ikitoa taarifa moja baada ya nyingine, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Siku hiyo nilikuwa bandarini, nikamwona mama mmoja amekalia mzigo wake wa vitenge akilalamika kuwa bahari mbona shwari. Kweli ilikuwa shwari pale tulipo. Aliyejua kuwa si shwari ni yule aliyekuwa akiitazama kutoka juu. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat, ambazo ya kwanza ilirushwa 1977, zimekaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta na zinazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo hazituachi hata usiku, na picha zake hupokewa na idara za hali ya hewa za nchi zetu kila baada ya dakika chache. Mwambie binti yako kwamba samaki anayemla nyumbani huenda amevuliwa na mtu aliyerudi salama kwa sababu hiyo.

Mhasibu_Nairobi alijibu:

Nakubaliana na ndugu wa Unguja kuhusu vimbunga, lakini naomba tutenganishe mambo mawili. Setilaiti inayotazama mawingu ni chombo cha kazi, kama mnara wa taa bandarini, na sidhani kuna mtu mwenye akili anayeupinga mnara wa taa. Binti aliulizia safari za mbali, na huko ndiko hesabu inakotaka uangalifu.

Shirika la anga la Marekani, NASA, lilipewa dola bilioni 25 hivi kwa mwaka 2023. Ni fedha nyingi, ingawa hazifiki nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali yao. Mwaka 1966, wakati wa mbio za kwenda Mwezini, zilipita asilimia 4. Kwa mbio zile watu 12 walikanyaga Mwezi kati ya 1969 na 1972, wakarudi na mawe na udongo wa kilo 382. India kwa upande wake ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023 kwa chombo kisicho na mtu, Chandrayaan-3, kwa gharama ya takriban dola milioni 75. Ukimpeleka binadamu, unampeleka na hewa yake, maji yake, chakula chake na njia ya kumrudisha kwao, na kila kilo ya hivyo vyote inalipiwa. Mimi nasema wazi kwamba safari za watu, kwa sasa, ni fahari ya mataifa kuliko elimu, na sioni aibu kuzipinga huku nikiunga mkono vyombo visivyo na watu.

Tukija kwetu: setilaiti ya Kenya ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, iligharimu shilingi milioni 50. Sensa ya 2019 ilitukuta watu milioni 47.6. Ni kama shilingi moja kwa kila Mkenya, na siwezi kumwambia yule binti kuwa shilingi yake moja ndiyo iliyomnyima mizani. Mizani ilipotelea njia nyingine, na hiyo nayo inafaa kuulizwa.

Gharama inayoniuma mimi haimo katika vitabu vya hesabu. Kutoka majukwaa ya Ngomeni zilirushwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, zote za wageni. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, kisanduku cha sentimita kumi kila upande kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ilifika angani Mei 2018, ikiachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Miaka 51 ilipita tangu setilaiti ya kwanza irushwe mbele ya macho yetu. Tulitoa bahari na ikweta, na muda wote huo hatukujitahidi vya kutosha kuuchukua ujuzi uliokuwa ukipita mlangoni.

Mwana_wa_Nahodha alijibu tena:

Ndugu Mhasibu, umenena vyema kuhusu ujuzi, ila huo mpaka baina ya chombo cha kazi na safari ya mbali si mnene kama ulivyouchora. Kamera iliyomo katika simu yako inatumia aina ya kihisi kilichobuniwa miaka ya 1990 na Eric Fossum na wenzake katika maabara ya NASA huko California, walipokuwa wakitafuta kamera ndogo isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya vyombo vya kwenda kwenye sayari. Vilevile ile Uhuru ya mwalimu haikumletea mvuvi wa Ngomeni hata samaki mmoja, lakini orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na mmojawapo, Cygnus X-1, ndio uliowapa wanasayansi sababu nzito ya kuamini kwamba mashimo meusi, yaani vitu vyenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauvitoki, yapo kweli. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, kwa hiyo bila ya kupanda juu usingeiona hata ungekuwa na darubini kubwa namna gani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi naamini kujua jambo kama hilo kuna thamani yake hata lisipouzwa sokoni.

Mfugaji_Marsabit alijibu:

Shikamoo mwalimu. Naleta habari ya nyumbani kwetu. Tangu Januari 2010 Marsabit kuna bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila ya mtu kuja kuhesabu mizoga. Baba yangu mdogo alikata bima hiyo. Katika ukame mmoja alilipwa mapema, akanunua majani makavu na maji, na ng'ombe wake wa maziwa wakavuka. Tungesubiri msaada wa magari, wangekufa.

Msimu mwingine hakulipwa hata senti, na kampuni iliyomkatia ikamwonyesha ramani kuwa eneo lake ni la kijani. Lilikuwa kijani kweli, lakini kijani cha mathenge, mti ambao mizizi yake hufuata maji ya chini na hausikii ukame, wala hauwezi kuwa badala ya nyasi. Nilikwenda naye mpaka lagani, yaani kwenye mkondo mkavu wa mto, akanionyesha: juu matawi yamechanua, chini vumbi tupu na nyayo za mbuzi waliopita bila kutia kitu mdomoni. Kutoka angani hayo yote ni rangi moja. Kwa hiyo naungana na Mhasibu pale penye ujuzi. Picha ya angani inafaa sana, lakini lazima awepo mtu wa hapa, aliyesoma, anayejua mathenge ni nini na nyasi ni nini, na mtu huyo anatoka kwenye maabara kama ya mwalimu yenye mizani moja.

Mwalimu_Kilifi alijibu:

Marahaba mwanangu, na nawashukuru nyote. Jana nilirudi darasani na maneno yenu. Nilimwambia yule binti kwamba fedha za Mwezini hazikutoka kwetu, kwamba shilingi ya Taifa-1 haikumnyima mizani yake, na kwamba kuhusu safari za watu hata watu wazima hawajaafikiana. Kisha nikamweleza habari ya mathenge, na hiyo ndiyo iliyomfanya aache kuandika na kunitazama.

Tangu 2008 picha za setilaiti za Landsat hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti, na gharama yake imebebwa na walipa kodi wa Marekani. Nilipakua mbili za mdomo wa Mto Sabaki, moja ya miaka ya 1980 na nyingine ya mwaka huu, tukazibandika ubaoni. Wanafunzi waliuona ule udongo mwekundu ukimwagika baharini na kupinda kaskazini, wakaona pia kuwa ufuo wa Malindi umesogea mbele. Binti yule alichukua rula akapima umbali baina ya mistari miwili ya pwani, akauliza milimita moja pale ni mita ngapi huku chini. Tulitumia kipindi kizima kukokotoa. Kesho tunakwenda ufuoni kwa miguu na kamba yenye mafundo ya kupimia, kuona kama hesabu yake ni sawa.