Gaj aliwauza watu wake mwaka 1836?

Mchokozi: Wakuu, Ljudevit Gaj, aliyeongoza mageuzi ya lugha ya Kikroeshia, ni mtoto wa Krapina, Kroeshia, kwao "nini" ni *kaj*. Jarida lake, Danica, lilianza Zagreb 1835 kwa Kikajkavski, lahaja hiyohiyo ya *kaj*. Mwaka uliofuata akakitupa, akashika Kishtokavski, cha wale wanaosema *što*. Huu si usaliti?

Kalamu Kavu: Usaliti wapi? Wasemaji wa *što* walikuwa wengi, na mji wa Dubrovnik walishakuwa na waandishi wakubwa, Držić na Gundulić. Kikajkavski kilikuwa lugha ya shamba tu.

Mkwe wa Varaždin: Ya shamba?! Mama mkwe wangu anakisema na hafugi hata kuku. Pergošić alichapa kitabu cha sheria kwa Kikajkavski 1574, Vramec akatoa kronika 1578. Kaa kimya kama hujui.

Kalamu Kavu: Sijamtaja mama mkwe wako.

Mkwe wa Varaždin: Umeshamtaja.

Baharini: Na sisi wa pwani, ambao "nini" kwetu ni *ča*, mmetusahau? Utenzi wa Judita wa Marulić, mtu wa Split, 1521, umewatangulia hao wote.

Mchokozi: 1521 ndiyo kuchapwa, Venice. Aliutunga 1501.

Baharini: Umezidi kunisaidia, ahsante. Jiwe la Baška kule kisiwa cha Krk, lililochongwa maandishi mwaka 1100 hivi kwa Kiglagoliti, herufi za kale za Waslavi, hata silitaji.

Kalamu Kavu: Umeshalitaja. Haya, Kašić ni mzaliwa wa kisiwa cha Pag, wa *ča* kama wewe. Alitoa sarufi Roma 1604, lakini kitabu chake cha ibada cha 1640 ni *što*. Gaj hata hajazaliwa! Na huyo naye tumwite msaliti?

Mvita Asili: "Lugha ya shamba"... nasi tuliyaona hayo. Wakoloni walipochagua Kiunguja, Kimvita cha Muyaka kikaachiwa mashairi.

Mtu wa Bara: Haya, Mombasa wameingia. Kiunguja kilishafika Ujiji kabla ya hao wakoloni wako.

Mvita Asili: Kilifikishwa na wapagazi!

Mtu wa Bara: Babu yangu alikuwa mpagazi. Rudia hilo neno.

Mchokozi: Jamani, Gaj...

Mtu wa Bara: Gaj asubiri. Nimesema arudie.

Mkwe wa Varaždin: Nimemtafsiria mama mkwe mjadala wote. Kanitazama, kasema: "*Kaj?*"